UZI: Knickerbocker Glory, aiskrimu ya matabaka ya Waingereza. Njooni tuijadili kwa haki

#1 Kibao cha Mbuzi

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa vyakula vya ughaibuni kuna ndugu alisema Waingereza ukiwaondolea chai na samaki wa kukaanga hawabaki na lolote. Nikaona nisimjibu kulekule, jambo lenyewe linastahili uzi wake.

Mimi niko jikoni, kwenye mgahawa wa ufukweni pwani ya mashariki ya Uingereza, kitengo cha vitamutamu. Jua likitoka kidogo tu watu wanamiminika baharini, na oda inayoongoza ni Knickerbocker Glory. Kwa ambaye hajakutana nayo: ni aiskrimu inayopangwa kwa matabaka ndani ya glasi ndefu yenye mguu, nyembamba chini, inapanuka kadiri inavyopanda. Chini kabisa jeli. Juu yake matunda, mara nyingi pichi za kopo. Halafu aiskrimu ya vanila, sosi nyekundu ya rasiberi, matunda tena, aiskrimu tena, krimu iliyopigwa ikaumuka, lozi zilizokatwakatwa, cheri moja kileleni, na kipande cha wafa (biskuti nyembamba, kavu) kimechomekwa ubavuni. Kijiko chake kina mpini mrefu, maana ukitumia cha kawaida vidole vitazama kwenye krimu kabla hujaigusa jeli.

Iko mezani kwa Waingereza na Waairishi tangu miaka ya 1920 na 1930. Jina ni la New York: Knickerbocker ndivyo walivyoitwa wenyeji wa huko wenye asili ya Kiholanzi, na ndiyo hiyohiyo Knicks ya timu ya kikapu. Ila walioikumbatia ni hawa wa huku.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kubisha abishe: hiki si chakula cha mabwana. Ni starehe ya mtu wa mshahara mdogo aliyepata wiki moja ya kupumzika, na ndiyo maana kimejengwa kwa vitu vya kopo na jeli ya pakiti. Anayeingia na matunda ya bei mbaya na sosi za kifahari akidhani anakiboresha, anakibomoa.

#2 Ukoko

Picha mkuu. Uzi wa chakula bila picha ni umbea tu.

#3 Chachandu

Kwa hiyo ni faluda iliyosomea Ulaya 😂

Sisi Mombasa glasi ya matabaka tunayo kitambo. Sharbati ya rozi chini, tambi, tukmaria zilizovimba, maziwa baridi, aiskrimu juu, lozi na pistachio. Kaka, nieleze wewe uliye jikoni, huyo Mwingereza amezidisha nini hapo?

#4 Kibao cha Mbuzi

@Ukoko simu hairuhusiwi jikoni, na mwenye mgahawa anapenda kamera zielekee kwa wateja, si kwetu.

@Chachandu swali zuri dada. Kwenye faluda kuna maziwa, na maziwa ndiyo yanayounganisha kila kitu. Unakoroga, unavuta kwa mrija, mdomoni vinafika vyote pamoja. Huku hakuna kimiminika kinachounganisha. Kila tabaka limekaa peke yake na mlaji ndiye anayeamua vikutane wapi. Kuna anayekula kwa nidhamu kuanzia juu kushuka. Kuna anayezamisha kijiko hadi chini, anaivuta jeli ipande na kila kilicho njiani.

Halafu kuna suala la muda. Glasi ikifika mezani iko baridi na ngumu. Ukifika katikati aiskrimu imeanza kulainika, sosi ya rasiberi inateremka kwenye ukuta wa glasi kwa mistari, shira ya pichi inaifuata. Chini unakuta jeli inaogelea kwenye rojo la rangi ya waridi ambalo hakuna mpishi aliyelitengeneza, limejitengeneza lenyewe wakati unakula. Mimi naona hilo rojo ndilo kiini cha chakula chote. Asiyefika chini hajaila.

Bibi mmoja anakuja kila kiangazi, sasa anatembelea fimbo. Glasi ikiwekwa mbele yake, kwanza anaitoa cheri kwa ncha ya kijiko na kuiweka ukingoni mwa kisahani. Kisha anauchomoa wafa, anauvunja vipande viwili, kimoja anampa mumewe ambaye ameagiza chai tupu. Ndipo anaanza. Cheri inaliwa ya mwisho, na ukijaribu kukiondoa kisahani mapema utatazamwa jicho baya.

#5 Nahodha wa Nchi Kavu

Tupe historia mkuu. Nani aliyewaletea?

#6 Kibao cha Mbuzi

Hapa kaeni vizuri maana patakuwa parefu.

Walioifikisha kwa mtu wa kawaida ni kampuni ya J. Lyons. Walifungua duka lao la kwanza la chai Piccadilly, London, mwaka 1894. Mwaka 1909 wakaja na Corner House ya kwanza, mtaa wa Coventry. Hilo lilikuwa jumba zima: ghorofa kadhaa, kila moja na mgahawa wake, bendi inapiga, wahudumu wa kike kwa sare nyeusi na aproni nyeupe, nchi nzima ikiwajua kwa jina la Nippy. Karani wa ofisi au binti muuza duka aliweza kukaa chini ya mataa ya kioo akahudumiwa kama tajiri, na bili ikaja ya saizi yake. Sasa fikiria kwenye mazingira hayo unaletewa glasi ndefu yenye rangi tano na cheri juu. Umevimba kichwa wiki nzima.

Mkono wa pili ni wa Waitalia. Biashara ya aiskrimu ya mitaani Uingereza ilikuwa mikononi mwao tangu karne ya 19. Carlo Gatti, Mswisi wa upande unaozungumza Kiitaliano, alikuwa akiiuza London miaka ya 1850 na akawa anaingiza barafu kwa meli kutoka Norway. Mashimo aliyohifadhia barafu hiyo yapo mpaka leo karibu na King's Cross, chini ya jumba la makumbusho ya mifereji. Enzi hizo maskini aliuziwa aiskrimu kwenye kiglasi kidogo kizito cha senti moja: analamba, anakirudisha, muuzaji anakipangusa na kumpa anayefuata. Kifua kikuu kilisambaa kwa raha zake, na London ikapiga marufuku viglasi hivyo mwaka 1899.

Vizazi vilivyofuata vikatoka kwenye mikokoteni vikafungua kumbi za kukalia. Familia ya Morelli pale Broadstairs, Uingereza, mwaka 1932, ya Nardini pale Largs, Uskoti, mwaka 1935. Meza, vioo, mashine ya kahawa, na hizo glasi ndefu zimepangwa nyuma ya kaunta. Mwaka 1938 ikaja sheria ya likizo yenye malipo, na wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire waliokuwa wakienda mapumziko Blackpool, mji wa ufukweni, kwa akiba ya kubana matumizi wakaanza kwenda huku mshahara unaingia. Kwa hiyo mgahawa wa ufukweni na glasi yake vilikua pamoja.

Halafu vita. Tarehe 10 Juni 1940 Italia ikatangaza vita dhidi ya Uingereza, na usiku huohuo maduka ya Waitalia yakavunjwa vioo mitaani, hata ya watu waliokaa huko miaka na miaka, watoto wao wengine wakiwa jeshini upande wa Uingereza. Wanaume wakakamatwa. Tarehe 2 Julai meli ya Arandora Star iliyokuwa inawapeleka Kanada ikazamishwa na nyambizi ya Kijerumani karibu na Ireland. Walikufa watu zaidi ya 800, Waitalia kati yao zaidi ya 400. Wauza aiskrimu, wapishi, wahudumu. Kuna familia zinazouza aiskrimu hadi leo ambazo babu yao alikuwa ndani ya meli ile.

Mwaka 1942 serikali ikapiga marufuku kabisa kutengeneza aiskrimu, ikaruhusu tena mwishoni mwa 1944. Sukari ilibaki ya mgao hadi Septemba 1953. Mtoto aliyezaliwa 1944 alikuwa na miaka tisa ndipo anaona sukari ikiuzwa bila kadi. Bibi wa cheri niliyemtaja ni wa rika hilo.

#7 Nahodha wa Nchi Kavu

Aisee. Nilikuja kwa ajili ya aiskrimu.

#8 Mtoto wa Makadara

Nyongeza kidogo kuhusu Lyons, maana watu hawajui ile kampuni ilikuwa na mambo. Mwaka 1951 waliwasha LEO, kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi za kila siku za biashara. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kupiga hesabu za viwanda vyao vya mikate na keki. Wauza chai ndio waliotangulia, si benki.

Na Margaret Thatcher, aliyekuja kuwa waziri mkuu, alikuwa mkemia hapohapo Lyons kabla ya siasa. Wengine husema ndiye aliyebuni aiskrimu laini ya mashine.

#9 Kibao cha Mbuzi

Kweli alikuwa mkemia pale. Hiyo ya kubuni aiskrimu laini ni chumvi, Wamarekani walikuwa nayo tangu miaka ya 1930.

#10 Maalim Kanzu

Asalaam aleykum. Nimesoma kwa utulivu, lakini mmenipita kwenye jeli. Hiyo jeli ya Uingereza inatokana na nini? Wanangu wawili wako Birmingham.

#11 Kibao cha Mbuzi

Waaleykum salaam maalim. Swali la msingi. Jeli nyingi za kawaida za dukani zinagandishwa kwa jelatini, na jelatini ni ya ngozi na mifupa ya nguruwe au ng'ombe. Kwa hiyo Mwislamu kwenye mgahawa wowote aulize kabla hajashika kijiko. Mgahawa ukisema haujui, asile. Kwa nyumbani hakuna shida, Birmingham maduka yetu yamejaa jeli ya unga ya halali, ile isiyo na jelatini kabisa. Inagandishwa kwa karajinani, kitu kinachotolewa kwenye mwani wa baharini.

#12 Shungi la Paje

Hapo kwenye mwani nipisheni, hiyo ni kazi ya mama yangu.

Mwani tunaopanda huku pwani ya mashariki ya Unguja, Paje, Jambiani, Bwejuu, tangu mwisho wa miaka ya 1980, ndio unaotolewa hiyo karajinani. Kazi ni ya kinamama zaidi. Maji yakitoka wanashuka na vigingi na kamba, wanafunga vipando kimojakimoja, maji yakijaa wanarudi. Ukivunwa unaanikwa, unafungwa magunia, unasafirishwa nje mkavu. Huko viwandani unageuzwa unga mweupe, unaingia kwenye maziwa ya chokoleti, dawa ya meno, na aiskrimu yenyewe ili isijitenge maji. Soma nyuma ya pakiti ya aiskrimu, ukiona E407 ndiyo hiyo.

Kwa hiyo huyo bibi wa fimbo huenda anakula jasho la Paje bila kujua. Na bei tunayolipwa kwa kilo, tusiiongelee leo nisije nikalia.

#13 Chachandu

@Shungi la Paje umeupandisha uzi daraja, dada. Sisi nyumbani faluda ya kugandisha tunatumia chaina grasi, nayo si mwani?

#14 Shungi la Paje

Ni mwani, ila jamii nyingine. Chaina grasi ni aga, inaganda hata bila friji, na joto letu haliifanyi kitu.

#15 Kibao cha Mbuzi

Sahihi kabisa, na tofauti unaisikia mdomoni. Jelatini inayeyuka kwa joto la mwili, ukiiweka ulimini inakwenda yenyewe. Aga haiyeyuki mpaka karibu na joto la maji kuchemka, kwa hiyo mdomoni inakatika vipandevipande. Kwenye Knickerbocker Glory ya aga, punguza unga wake kuliko unavyoweka kwenye faluda ya kukata, iwe laini inayotetemeka. Ikiwa ngumu kijiko kirefu kitateleza na glasi itaangukia mapaja ya mtu.

#16 Ukoko

Shemeji yangu alijaribu kugandisha jeli ya pakiti na vipande vya papai bivu. Ililala kwenye friji usiku kucha, asubuhi ni uji. Tukamwambia pakiti imeisha muda. Au ana mkono mbaya?

#17 Kibao cha Mbuzi

Mwombeni radhi shemeji. Kosa ni la papai. Papai bichi si ndilo mnalopaka nyama ngumu ilainike? Kile kinacholainisha nyama kinakatakata protini, na jelatini ni protini. Nanasi lisilopikwa ni vilevile, na kiwi. Lakini nanasi la kopo limeshapikwa, nguvu hiyo imekufa, jeli inaganda bila tatizo. Kwa aga au karajinani hata papai la shambani halina madhara, maana hizo si protini.

Mnaona sasa kwa nini nawatetea watu wa kopo?

#18 Fundi Saa

Mimi nakupinga mwanzisha uzi. Nipo London mwaka wa saba na nimeila sehemu za hadhi, stroberi mbichi za Juni, aiskrimu ya maziwa halisi na vanila inayoonekana punje zake, hakuna kopo hata moja. Haifananishwi na hizo za ufukweni zenye krimu ya kupuliza kwenye mkebe. Usitufanye tupende umaskini.

#19 Kibao cha Mbuzi

@Fundi Saa kwenye aiskrimu tuko pamoja, tena nakuongezea hoja. Uingereza aiskrimu inaruhusiwa kutengenezwa kwa mafuta ya mimea badala ya mafuta ya maziwa, desturi iliyokolea wakati wa uhaba wa vita na haikuondoka. Ile ya bei rahisi kabisa karibu nusu ya ujazo wake ni hewa. Ukiiweka kwenye glasi inanywea kabla hujamaliza kupanga, matabaka yanakuwa tope. Hapo lipia nzuri. Vanila ya Uganda au Madagaska, maziwa halisi, sina ubishi.

Krimu ya mkebe pia siitetei. Ikifika mezani imeshaanza kuporomoka.

Matunda ndipo tunapoachana. Stroberi mbichi iliyokaa katikati ya aiskrimu mbili inashika baridi, inakuwa ngumu na harufu yake yote inapotea. Meno yanauma, utamu hausikiki. Pichi ya kopo imeshapikwa ndani ya shira. Sukari imeingia mpaka moyoni, kwa hiyo inabaki laini hata ikikaa kwenye baridi, na utamu wake unasikika. Hilo ni suala la kazi ya tunda ndani ya glasi, wala si mapenzi ya umaskini. Stroberi zako za Juni kazile na krimu kwenye bakuli, zitakushukuru.

#20 Fundi Saa

Hapo kwenye kuganda umenibana. Lakini cheri ya rangi ya taa za breki sitaikubali kamwe.

#21 Chachandu

Sasa shusha namna ya kuipanga. Ijumaa nina wageni.

#22 Kibao cha Mbuzi

Twende.

Glasi ziingie friji mapema. Jeli itengenezwe jana yake, rangi nyekundu au ya machungwa. Ukitaka kuimwagia moja kwa moja kwenye glasi, iache ipoe kwanza, maji moto kwenye glasi baridi yatakupasulia. Mimi naigandisha kwenye trei halafu naikatakata kwa uma, inameta ikiwa vipandevipande.

Pichi zimwagwe kwenye chujio zikae zijichuje vizuri. Hili ndilo watu wanaruka. Shira ikibaki nyingi inagandia kwenye aiskrimu na kuwa vipande vya barafu. Shira usitupe, tia kwenye chai ya barafu.

Sosi: rasiberi za friza na sukari, chemsha kidogo, pitisha kwenye chujio mbegu zibaki. Rasiberi hazipatikani? Forosadi zinafaa sana, hata rozela ikichemshwa ikawa nzito. Inatakiwa iwe na ukali kidogo, vinginevyo glasi nzima ni sukari juu ya sukari.

Aiskrimu itolewe friza ikae kidogo mpaka kijiko kiingie bila kupigana nacho.

Kupanga: zungusha sosi kwenye kuta za glasi. Jeli vijiko viwili. Pichi. Donge la aiskrimu, ulisukume taratibu liguse kuta za glasi pande zote, usiache mfuko wa hewa. Sosi. Pichi au nanasi la kopo. Donge la pili lisimame nusu nje ya glasi. Krimu juu yake, lozi zilizokaangwa kidogo, cheri, wafa. Wafa ndio wa mwisho kabisa, ukitangulia unalowana. Kutoka donge la kwanza mpaka mezani usizubae, na usipange glasi nne kwa mkupuo kama uko peke yako. Panga mbili, peleka, rudi.

#23 Mtoto wa Makadara

Vijiko virefu Nairobi naona vya kahawa ya barafu madukani, vinatosha?

#24 Kibao cha Mbuzi

Vinatosha kabisa. Ukikisimamisha ndani ya glasi, mpini utokeze juu ya ukingo kwa upana wa vidole vinne.

#25 Maalim Kanzu

Na krimu? Huku tunayo ile ya pakiti isiyohitaji friji. Mke wangu ameipiga mpaka mkono umechoka, bado ni maziwa.

#26 Kibao cha Mbuzi

Maalim, angalia namba ya mafuta kwenye pakiti. Chini ya asilimia 30 haitaumuka hata akiipiga mpaka Idi, hiyo ni ya kupikia. Atafute ya asilimia 35. Kisha ilale kwenye friji usiku mzima, na bakuli na kipigio viingie humohumo, maana kwa joto la huko krimu ya vuguvugu haishiki hewa. Akiona mistari ya kipigio inabaki juu ya krimu, asimame hapohapo. Akipitiliza atapata siagi.